Pikipiki mpya ya safari: kipi ununue cha kampuni, kipi utafute kwingine

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliochukua pikipiki za masafa marefu. Pesa iliyobaki inawawasha mfukoni, na muuzaji ameshawapa orodha ndefu ya vifaa vya ziada. Nimechagua tano.

Nimelipia pikipiki ya Bajaj, Dominar 400. Muuzaji anasema nikifunga kifaa kisicho cha kampuni, dhamana imekufa. Wamarekani wa YouTube wanasema huo ni uongo. Nimwamini nani? (Kiamunyi, Nakuru)

Wamarekani hao wanategemea sheria yao ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu umetumia kifaa cha mwingine. Sheria hiyo haivuki bahari. Wewe unabanwa na kijitabu cha dhamana ulichopewa, kwa hiyo kisome kabla hujatoa hela, na lolote ambalo muuzaji amekuahidi kwa mdomo aliandike na kupiga muhuri.

Mimi hugawa hivi: kinachogusa waya au fremu, chukua cha kampuni maadamu dhamana iko hai. Kinachogusa mgongo wako, makalio yako na mizigo yako, zunguka madukani upendavyo. Boksi la nyuma lililofungwa kwa bolti haliwezi kusingiziwa kwamba limeunguza kompyuta ya injini. Taa zilizoungwa kwa kukata waya zitasingiziwa kila kitu, hata pancha.

Tena ikague pikipiki yenyewe kwanza. Mwaka 2021 Bajaj ilianza kuiuza Dominar huko India ikiwa na kioo kirefu, kinga za mikono, bamba la chini ya injini, gadi na keria kutoka kiwandani. Kama yako ni ya aina hiyo, nusu ya orodha ya muuzaji unayo tayari. Iliyobaki isubiri servisi ya kwanza, ambayo kwa pikipiki nyingi huwa kati ya kilomita 500 na 1,000. Ukifika hapo utakuwa unajua kinachokuuma.

Kila wiki natoka Section 58 kabla ya mapambazuko kwenda Eldoret. Ukungu wa Timboroa ni ukuta, na vidole vinakufa ganzi. Nataka spotilaiti na vishikio vya joto. Betri itahimili? (Nakuru)

Usiiulize betri, iulize olteneta, inayozalisha umeme injini ikizunguka. Betri ni ghala tu, shamba ni olteneta. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40, yaani kama ampea 3.3 kwenye volti 12. Vishikio vya joto huongeza wati nyingine 30 hadi 40. Hapo taa kubwa, pampu ya mafuta na kompyuta bado hazijala. BMW R 1250 GS ina olteneta ya wati 510, kwa hiyo mwenyewe halali akihesabu. Wewe wa injini ndogo hesabu, kisha ulinganishe na kilichoandikwa kwenye kijitabu chako.

Spotilaiti nakubali. Ziwe za manjano, zifungwe chini, ziwe na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake ya ampea 5, na zizimike ukizima ufunguo. Ukikutana na lori kwenye mteremko wa Sachangwan zizime. Dereva wa lori pale ana kazi ya kutosha. Vishikio vya joto viache kwanza. Funga kinga za mikono, zinakata upepo na hazili umeme. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi kinachokugandisha vidole huko ni upepo.

Masanduku ya alumini ya kampuni bei yake inanitoa jasho. Fundi wa chuma huku Kibuye ananiambia atanitengenezea kwa robo ya pesa hiyo. (Kisumu)

Kukunja bati anajua, sina shaka naye. Wasiwasi wangu ni keria itakayobeba masanduku hayo. Asichomelee chochote kwenye fremu: moto hudhoofisha chuma kando ya weldi, na umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya injini. Keria ichomelewe mezani, pikipiki ikiwa mbali, kisha ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, kwa nati zenye nailoni ili mtikisiko usizilegeze. Na upana wa masanduku usizidi usukani. Usukani ukipenya kati ya matatu pale Kondele, unataka na mkia upenye.

Ila mimi ningenunua mabegi ya turubai. Pikipiki ikilala kwenye murram, sanduku la alumini linaweza kukubana mguu, begi hujikunja. Ubaya wake ni kwamba mwenye kisu hazuiwi na kufuli, na likigusa ekzosi linaungua, kwa hiyo funga kizuia joto.

Boksi la juu nyuma ndilo watu hulijaza kama gunia. Givi, watengenezaji wa masanduku wa Italia, huweka kikomo cha kilo 10 kwenye mengi ya aina yao iitwayo Monokey. Uzito huo uko nyuma ya ekseli, unalipunguzia gurudumu la mbele mzigo, na mwendo ukipanda usukani unaanza kuyumba. Vizito viende chini, kando.

Nina futi 5 na inchi 2. Fundi anataka kuishusha pikipiki kwa kubadilisha vyuma vya shoki ya nyuma. (Kakamega)

Mwambie asubiri, dada. Ulizia kwanza kiti kifupi cha kampuni. BMW na Triumph, kwa mfano, wanavyo kwa pikipiki zao kadhaa, na hakibadilishi chochote kingine. Jaribu pia buti za soli nene. Ukishusha shoki, stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno na pikipiki husimama wima kiasi cha kusukumwa na upepo, na kila tuta litagonga tumbo la injini. Gadi za pembeni nunua siku hiyo hiyo, maana utaanguka ukiwa umesimama, kama sisi sote.

Ekzosi ya kelele huongeza nguvu? (Bungoma)

Kidogo, tena kompyuta ikipangwa upya. Kelele yenyewe utaichoka kabla ya Webuye, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina kanuni za kelele tangu 2009. Nunua koti zuri la mvua, utapita Kericho siku moja.