Magharibi ya Saa Tisa: Kwa Kijana Aliyeniuliza Anunue Koti Gani

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Chake Chake, kisiwani Pemba, aliyepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Helsinki, mji mkuu wa Finland, ambako mimi nimeishi kwa miaka saba. Baada ya salamu aliniuliza jambo moja tu: anunue koti gani pale Darajani, sokoni Unguja, kabla ya kusafiri. Alisema baridi haimtishi, kwani ameiona picha yangu nimesimama katikati ya theluji, nimevaa kanzu na kofia, ninacheka, na ikiwa mtu wa Wete, Mpemba mwenzake, ameiweza, yeye hatashindwa.

Picha ile nilipigwa katika mwaka wangu wa kwanza. Nilikaa nje kwa muda usiotimia dakika moja, mwenzangu akabonyeza simu, nami nikarudi ndani mbio huku meno yakigongana. Niliituma nyumbani, ikasambaa kwa jamaa na marafiki, na hadi leo wapo wanaoniita jina la utani kwa ajili yake. Wakati huo nilikuwa katika hali mbaya kuliko zote nilizowahi kupitia maishani, na hakuna aliyejua. Ndiyo maana jibu la koti limekuwa refu kuliko alivyolitarajia.

Nilifika mwishoni mwa Agosti na koti jeusi la ngozi ambalo kaka yangu alilinunua kwa fedha zilizomuuma. Hewa ilikuwa kama ya kipupwe chetu, ile ya Julai upepo wa kusi unapovuma jioni, nikajisemea kuwa waliotutangulia walitutisha bure. Septemba na Oktoba zikapita, na mvua zake hazina la kusimuliwa.

Siku iliyonitia adabu ilikuwa ya Disemba, nyuzi 17 chini ya sifuri. Nilivaa fulana tatu za pamba, moja juu ya nyingine, koti langu la ngozi, na viatu vilivyonibana kwa kuwa nilivaa soksi mbili mbili. Nilikwenda mbio kuwahi basi, nikatokwa na jasho, na basi lenyewe likachelewa dakika ishirini. Pamba ikishanyonya jasho haikauki upesi. Inakuwa kitambaa kibichi kilichokushika mgongoni. Ngozi nayo huzuia upepo, lakini peke yake haina nafasi ya kutunza hewa iliyopashwa joto na mwili. Vidole vya miguu vilianza kuuma, kisha vikaacha kuuma, nami kwa ujinga wangu nikamshukuru Mungu. Nilipofika nyumbani nikavitia katika beseni la maji ya moto. Mguu uliokufa ganzi hauna habari ya moto wa maji. Ulipozinduka ulikuwa umekwisha kuungua, nikauguza malengelenge kwa wiki mbili. Muuguzi aliyenifunga bendeji aliniuliza, kwa upole kabisa, kama huko nitokako hatuna maji ya moto. Sikumjibu, na swali lile bado ninalo moyoni.

Basi chukua haya kutoka kwa aliyeyalipia. Nguo inayogusa mwili iwe ya sufu, fulana na suruali ya ndani, kwa sababu sufu hutunza joto hata ikipata unyevu. Juu yake vaa sweta, na juu ya sweta koti refu lisilopitisha upepo. Kinachokupasha joto ni hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo, kwa hiyo chochote kinachobana kinakunyima hewa hiyo. Viatu vizidi kipimo chako kwa namba moja. Glavu zinazoweka vidole vinne katika mfuko mmoja zina joto zaidi kuliko zile za kila kidole na chumba chake. Vidole vikifa ganzi, tumia maji ya vuguvugu, usivisugue. Ukiingia ndani vua koti mara moja, kwani nyumba za kule ni za joto, na atakayekaa darasani na koti lake atatoka nje amelowa. Ukitawadha, jifute ukauke kabisa kabla ya kufungua mlango. Mimi hutumia khofu, zile soksi za ngozi ambazo mkaazi anaruhusiwa kupangusa juu yake mchana mmoja na usiku wake badala ya kuosha miguu. Nyumbani niliisoma rukhsa hii madrasani kama habari ya mbali, na sasa ninaijua faida yake kila alfajiri. Ama kutembea juu ya barafu, ukiwahi kupita juu ya miamba yenye mwani maji yakiwa yamekupwa, nusu ya kazi unaijua: hatua fupi, wayo mzima, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko.

Lakini baridi ni adui mwenye adabu, kwani unamwona anakuja ukavaa. Kilichoniangusha mimi ni giza.

Sisi tumezaliwa karibu na ikweta, ambako mchana wa Juni na wa Disemba haupishani hata kwa saa moja. Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya uaminifu huo: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, na saa kumi na mbili linazama. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta. Katikati ya Disemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na robo hivi alasiri, na mara nyingi kati ya nyakati hizo mbili huoni jua bali mawingu yenye rangi ya maji ya sufuria ya bati. Adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya saa tatu. Nilikuwa ninampigia simu mama, yeye ndiyo kwanza ametoka kusali alasiri na jua la Wete linawaka uani, nami nimekwisha kusali magharibi na taa zimewashwa. Aliniuliza kwa nini sauti yangu ni ya mtu aliyelala. Nikamwambia ni simu.

Nililala kweli. Nililala kwa muda wa saa kumi na mbili, kumi na tatu, nikaamka nimechoka, nikaacha kwenda darasani asubuhi, na mwisho nikafeli somo ambalo nyumbani ningelifundisha. Mtu wa Pemba akilala namna ile, jamaa zake huanza kuulizana ni mganga gani yuko karibu. Daktari wa wanafunzi aliniambia kwamba mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia akili kuwa usiku umekwisha, na kwamba jua la huko wakati wa baridi liko chini mno kuisaidia ngozi kutengeneza vitamini D, hasa ngozi nyeusi ambayo huhitaji jua zaidi. Wenyeji wenyewe maziwa yao ya dukani yameongezwa vitamini hiyo. Nilianza vidonge kwa kipimo alichoniandikia, nikanunua taa kali yenye mwangaza wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga) ninayokaa mbele yake nusu saa ninapokunywa chai ya asubuhi, na nikajilazimisha kutoka nje kila siku adhuhuri, hata kama ni kuzunguka jengo. Toka nje adhuhuri. Ninalirudia kwa sababu utalipuuza, kama nilivyolipuuza mimi.

Na nyinyi mliotangulia, ambao mimi ni mmoja wenu, acheni kutuma picha za kucheka peke yake. Mwaka ule niliwauliza wakubwa wawili wa kwetu wanaoishi huko, na wote wawili walinijibu kwamba nitazoea. Huyo anayeambiwa atazoea hurudi chumbani kwake akaamini kwamba aliyeharibika ni yeye. Aibu yetu ya kukiri shida inawagharimu wadogo zetu masomo yao.

Sasa koti. Usinunue Darajani. Makoti ya mitumba yanayofika kwetu yametoka katika nchi za baridi kama hiyo, nawe ukifika Agosti utakuwa na miezi miwili ya kuyatafuta kwenye maduka ya nguo zilizotumika, yakiwa bado hayajapanda boti. Fedha za koti zinunulie fulana za sufu ukishafika. Katika begi lako tia mafuta ya nazi kwa ajili ya ngozi, kwani hewa ya ndani ni kavu na midomo hupasuka, na chupa mbili za mafuta ya makonyo ya karafuu ya kujichua kifuani. Ya pili ni yangu. Niliyopewa na mama yamekwisha tangu Januari.