Wasomaji Wanauliza: apt inapogoma kwenye seva

Swali: Seva yangu ni Ubuntu 24.04. Nikiiwasha asubuhi na kutaka kusakinisha `htop` kwa apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha na kusasisha programu, naambiwa `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Mwenzangu ananishauri niyafute mafaili yote ya lock (kufuli) kwa `rm`. Nifute? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Usifute. Soma ujumbe huo mpaka mwisho: kwa kawaida unataja namba na jina la mchakato ulioshika kufuli. Kwako huenda ni `unattended-upgr`, yaani Ubuntu inajiwekea viraka vya usalama. Seva ikilala imezimwa, kazi hiyo huanza muda mfupi baada ya kuwashwa, na ndiyo maana tatizo hili linakupata asubuhi. Subiri, au iambie apt isubiri yenyewe:

`sudo apt -o DPkg::Lock::Timeout=300 install htop`

Hiyo 300 ni sekunde.

Ushauri wa kufuta umeenea sana, na ni mbaya. Faili la lock lipo siku zote, hata apt isipofanya lolote. Kufuli lenyewe huwekwa na kerneli, kiini cha mfumo, juu ya faili hilo, na mchakato ukifa kerneli hulifungua papo hapo. Kwa hiyo ukiambiwa limeshikwa, aliyelishika yu hai. Ukifuta mafaili, apt ya pili itaunda mengine na kuyafunga, ya kwanza haina habari, kisha zote mbili ziandike `/var/lib/dpkg/status`, daftari la kila kilichosakinishwa. Kama umeshafuta na daftari limeharibika, tafuta nakala zake za siku zilizopita ndani ya `/var/backups`, majina yanaanza na `dpkg.status`.

Swali: Mtandao ulikatika katikati ya `apt upgrade`. Sasa kila nikigusa apt inanitaka niendeshe `dpkg --configure -a`. Nisakinishe seva upya? – Msomaji, Eldoret

Jibu: Hapana, tii tu unachoambiwa: dpkg ni chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha, na amri hiyo humalizia usakinishaji uliokatika. Lakini kwanza tazama nafasi kwa `df -h`: kama `/` au `/boot` imejaa, utakwama palepale. `sudo apt clean` hufuta vifurushi vilivyopakuliwa, lakini hilo halipunguzi kitu ndani ya `/boot`. Nafasi ikipatikana:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Ukiulizwa kuhusu faili la mipangilio ulilolihariri, bonyeza D uone tofauti. Ukibonyeza Enter tu, lako linabaki. `/boot` ikiwa ndiyo iliyojaa na amri hizo zikakwama, endesha `sudo apt autoremove --purge` kuondoa kerneli za zamani, ila soma orodha kabla ya kujibu Y, kisha uzirudie.

Siku nyingine fungua `tmux new -s kazi` kabla ya kuanza. SSH (muunganisho wako wa mbali na seva) ikikatika, apt inaendelea ndani ya tmux. Ukirudi, `tmux attach -t kazi`.

Swali: `apt update` inalalamika `Release file ... is not valid yet`, tena kwa `noble-updates` na `noble-security` tu (noble ni jina la Ubuntu 24.04). Hazina, yaani ghala la mtandaoni la vifurushi, imeharibika? – Msomaji, Tanga

Jibu: Hazina ni nzima, saa ya seva yako iko nyuma. Hazina kuu ya toleo haibadiliki, lakini hizo mbili husasishwa mara kwa mara, kwa hiyo faili lililotolewa saa chache zilizopita linaonekana kwa seva yako kama limetoka kesho. Ikiwa tofauti ni saa sita kamili, tunamjua mkosaji: mtu aliangalia ukutani, akaona ni saa tatu asubuhi, akaandika 03:00 badala ya 09:00.

Andika `timedatectl` ulinganishe, kisha `sudo timedatectl set-ntp true` ili saa ijirekebishe kwa mtandao. Kubadilisha ukanda wa saa peke yake hakusaidii, kwa sababu apt hulinganisha kwa UTC, saa ya dunia isiyotegemea ukanda. Saa ikikataa kujirekebisha, kagua kama ukuta wa moto unazuia UDP 123, njia ya mtandao ya kulinganisha saa, kwenda nje.