Uga wa wastani hautoshi kwenye mnyororo wa Ising

Ndugu, umeuliza kama uga wa wastani, njia ya kukadiria, unatosha kwa mnyororo wa Ising wenye uga mkingamo, yaani safu ya spini (sumaku ndogo za kikwanta) ambapo kila moja huvuta majirani zake zielekee upande wake, huku uga wa sumaku ukikingama na mwelekeo huo. Hautoshi kabisa. Kila spini ina majirani 2 tu, na njia hii huweka wastani mahali pao, mitikisiko yao ya kikwanta ikatupwa. Ukiandika spini kwa matriksi za Pauli (matriksi za 2×2 zenye thamani ±1), njia hii inakuambia usumaku unatoweka uga mkingamo ukifika 2J, J ikiwa nguvu ya mvuto kati ya majirani. Jibu kamili la mwanafizikia Pfeuty, 1970, ni J. Kosa la mara mbili! Kipeo cha usumaku, yaani namba inayoonyesha usumaku unavyofifia uga ukikaribia hapo, nacho hutoka 1/2 badala ya 1/8. Katika vipimo 3 vya nafasi vipeo vya uga wa wastani ni sahihi, ukiacha masahihisho ya logi (logariti). Kwa mnyororo wako tumia DMRG, mbinu ya kompyuta ya mwanafizikia White ya 1992.