Maharagwe: hesabu miche kabla ya magunia

Maharagwe yangu huota vizuri, lakini yakifika wiki mbili au tatu yanageuka manjano na kukauka moja moja. Jirani anasema udongo umechoka. Wa agroveti ananiuzia dawa ya ukungu. Nimsikilize nani? (Luanda, Vihiga)

Bado usimsikilize yeyote. Ng'oa miche mitano inayoanza kunyauka, uipasue shina kwa wembe, kuanzia usawa wa udongo kwenda chini.

Shina likiwa limevimba na kupasuka, na ndani mna funza mweupe au vifuko vya kahawia vidogo kuliko punje ya mchele, huyo ni inzi wa maharagwe. Hutaga kwenye majani ya kwanza kabisa, kisha funza hushuka ndani ya shina akila mpaka shingoni mwa mmea. Ukishaona mche umenyauka, dawa ya kunyunyiza imechelewa. Kinga ni mbegu iliyopakwa dawa ya wadudu kabla ya kupandwa, na kupanda mvua zinapoanza. Anayechelewa wiki tatu huwapokea inzi waliokwisha kuzaana kwa majirani.

Shina likiwa zima ndani lakini mizizi imekuwa ya kahawia au nyeusi, na ngozi yake inachubuka ukiivuta, hiyo ni kuoza mizizi. Ukungu wake huishi udongoni na hupenda maji yaliyotuama, rutuba haba, na maharagwe yanayofuatana na maharagwe. Mashamba ya Vihiga na Kakamega ni madogo na hupandwa mara mbili kwa mwaka palepale, kwa hiyo ugonjwa umekita huko. Tafuta KK8 au KK15, mbegu zinazoustahimili. KK15 ni nyeusi, kwa hiyo ulizia wanunuzi wako kwanza. Tia samadi iliyooza vizuri, panda juu ya matuta kama maji hukawia, na msimu mmoja kati ya miwili au mitatu weka zao lisilo la jamii ya kunde, viazi vitamu kwa mfano.

Kwa matatizo yote mawili, inulia udongo shinani kati ya siku ya 14 na ya 21. Mmea hutoa mizizi mipya juu ya sehemu iliyoharibika na mingi huokoka. Kazi hii ni ya jembe tu, haina gharama ya dawa, na tunasikitika kuona inavyoachwa.

Nimetumia Biofix msimu mmoja na sikuona tofauti. Ni biashara tu? (Shinyalu, Kakamega)

Si biashara tu. Ndani ya ile pakiti, inayotengenezwa Nakuru, mna bakteria hai wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Kwa kuwa ni hai, huuawa kirahisi: pakiti iliyopita tarehe, mbegu iliyopakwa kisha ikaachwa juani, au mbegu yenye dawa ya ukungu. Tena bakteria wa soya si wa maharagwe, soma pakiti.

Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, changanya na Biofix kivulini kwa kipimo cha pakiti, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie mara moja. Maua yakianza, chimbua mimea mitatu kwa sepetu, usiivute. Kata vinundu: vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, bakteria hawakusaidii.

Kwako tunashuku asidi. Udongo wenye asidi nyingi, yaani pH chini ya 5.5, huishika fosforasi, na bila fosforasi vinundu havikui. Pima udongo, ukithibitika, tawanya chokaa ya kilimo (ya Koru haiko mbali nawe) wiki mbili hadi nne kabla ya kupanda, kwa kiasi utakachopewa na maabara. Mwaka baada ya mwaka, mbolea ya kupandia ya DAP huongeza asidi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Na kama inzi ndiye anayekumalizia miche, shughulika naye kwanza, Biofix isubiri.

Nachanganya mahindi na maharagwe, ila kivuli kinaua maharagwe. (Kanduyi, Bungoma)

Jaribu mpango wa mbili-mbili. Mistari miwili ya mahindi iachane sentimita 50, acha nafasi ya mita moja, kisha mistari miwili mingine. Ndani ya ile mita weka mistari miwili ya maharagwe iliyoachana sentimita 33. Ukipiga hesabu, mistari ya mahindi na ya maharagwe ni ile ile kama ungepanda mahindi kwa sentimita 75 na mstari mmoja wa maharagwe katikati. Kinachoongezeka ni mwanga.

Ekari moja imenila shilingi 36,000, nikapata magunia manne tu ya kilo 90. Niache? (Njoro, Nakuru)

Kila kilo imekugharimu shilingi 100. Ungepata magunia saba kwa gharama hiyo hiyo, kilo ingekuwa shilingi 57. Kulima na palizi hulipiwa ekari nzima, iwe imejaa au ina mapengo.

Kwa hiyo wiki ya tatu pima mita tano za mstari sehemu kumi za shamba. Ukipanda sentimita 50 kwa 10, kila sehemu iwe na miche 50. Ukikuta 30, asilimia 40 ya miche imekwenda kabla ya ua la kwanza.

Mapengo mengi huanzia kwenye mbegu. Funga punje 100 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku saba zisipoota 80, tafuta mbegu nyingine. Ekari huhitaji kilo 30 hivi za punje kubwa kama Rosecoco, kilo 20 za punje ndogo kama Wairimu. Sababu nyingine ni mbolea kuunguza mbegu. Gunia moja la kilo 50 kwa ekari ni kama gramu 6 kwa kila mita ya mstari, yaani kifuniko cha soda kilichojaa. Itie mferejini, ifunike kwa udongo, ndipo udondoshe mbegu.

Nauza mara tu ninapovuna, bei ikiwa chini, kwa kuogopa kutobolewa na wadudu. (Muhoroni, Kisumu)

Wadudu hao huanza kutaga shambani, maganda yakikauka. Ng'oa mapema, asubuhi, maganda yasije yakapasuka. Anika juu ya turubai mpaka punje ivunjike ukiiuma, isibonyee. Pepeta, tenganisha rangi, kisha jaza mfuko usiopitisha hewa na ufunge kila tabaka la mfuko peke yake. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa. Usiufungue kuchungulia, kila ukifungua, unawarudishia pumzi.