"Kwa hisani ya Google" si ruhusa

Dada, umeuliza kama unaweza kuchukua picha ya ngalawa uliyoikuta Google ukaiweka kwenye kalenda ya duka lako, mradi uandike "kwa hisani ya Google". Hapana. Google si mwenye picha, inakuonyesha tu ilipo. Bofya uingie kwenye ukurasa wenyewe, umtafute aliyeipiga.

Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpiga picha tangu picha inapopigwa, hata kama hajaweka alama ya © wala kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kumtaja jina ni haki yake, ila hakuchukui nafasi ya ruhusa.

Mwandikie wazi: "Naomba kutumia picha yako ya ngalawa kwenye kalenda, nakala 300, zitauzwa dukani. Jina lako litakuwa chini ya picha. Malipo yako ni kiasi gani?" Akikubali, hifadhi jibu lake. Akikaa kimya, hajakubali. Mimi napiga picha, nimeamka mara nyingi saa kumi alfajiri kusubiri mwanga kule Feri, Dar es Salaam. Kukuta picha yangu kwenye fulana bila hata salamu kuliniuma sana, na ningeombwa ningetoa bure.

Kama una haraka, ingia Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni, utafute picha zenye leseni ya CC BY, yaani ruhusa ambayo mwenye picha ameshaitoa kwa kila mtu. Hizo unatumia hata kwa biashara, mradi utaje mpiga picha na leseni yenyewe. Kwingineko ukiona herufi NC kwenye leseni, iache, biashara hairuhusiwi.