Nilimwekea kaka yangu The Lost Weekend

Mleta mada, umeuliza kama ipo filamu ya kumwekea mdogo wako anayekunywa kila siku, labda ashtuke. Mimi nilijaribu kwa kaka yangu mwaka 2016, nyumbani kwa mama, Moshi. Nakueleza yaliyotokea.

Filamu ni The Lost Weekend ya mwaka 1945, ya Billy Wilder. Ya zamani, haina rangi, lakini ilibeba Oscar nne, ya filamu bora ikiwemo. Ray Milland ni Don Birnam, mwandishi wa New York asiyeandika kitu, anayeishi kwa mgongo wa ndugu yake, Wick. Yote ni mambo ya siku chache tu.

Mwanzoni kabisa unaona chupa ya wiski inaning'inia kwa kamba nje ya dirisha. Kaka akacheka: "Huyu naye mshamba, nani anaficha hapo?" Na kweli Wick anaigundua. Mimi sikucheka, nikawa najiuliza yeye anaficha wapi. Kesho yake nikapekua, nikakuta viroba saba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, ndani ya mfuko wa pumba za kuku. (Ilikuwa kabla viroba havijapigwa marufuku 2017.)

Kuna mahali Wick ameacha dola 10 za mama anayefanya usafi, kwenye bakuli la sukari. Mama wa watu anagonga mlango kufuata ujira wake. Don anaziona zile hela, anamwambia hakuna kitu, kisha anazikimbiza dukani kununua wiski. Hapo mama yangu alinyanyuka akaenda jikoni. Hela ya binti aliyekuwa akitufulia ilikuwa imepotea mara mbili mwaka huo, na mara zote mbili tulimshuku yule binti.

Kaka alinyamaza sehemu moja tu. Don anabeba mashine yake ya kuchapia, kitendea kazi pekee alichobaki nacho, anatembea Third Avenue nzima kutafuta duka la rehani. Yote yamefungwa. Ni Yom Kippur, sikukuu ya Wayahudi, na hata wenye maduka Waairishi wamefunga kwa makubaliano. Anajikokota, mdomo umekauka, huku muziki unalia kama mbu sikioni. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea na mashine yake alishaiuza. Akasema taratibu, "Hapo sasa." Basi.

Jioni ile ile akatoka, akarudi usiku wa manane amelewa chakari. Kwa hiyo kama unategemea filamu imwachishe, kwa kaka yangu haikumwachisha hata siku moja.

Aliyebanwa nilikuwa mimi. Wick ananunua chakula, analipa kodi, anamsemea uongo kwa mchumba wake Helen, halafu anachoka, anasafiri peke yake. Nilijiona mle. Madeni ya kaka grosari nilikuwa nalipa mimi ili mama asiaibike mtaani. Kumbe muuzaji alikuwa anamkopesha kwa sababu anajua bwana mdogo yupo, atalipa.

Ila somo nililochukua mwanzoni lilikuwa baya kabisa, na hili ulisikilize vizuri. Wiki mbili baadaye mimi na mama tukamfungia chumbani, tukasema pombe basi. Siku ya tatu alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamtoka, anapangusa siafu ukutani ambao hawakuwepo. Kwenye filamu Don anaona popo anamrarua panya ukutani, damu inachuruzika, nami nilidhani wametia chumvi. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alitugombeza: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, ukimkatia ghafla bila dawa anaweza kupata degedege na kufa. Wakampa diazepam na vitamini B1, akalazwa. Usirudie ujinga wetu.

Mwisho wa filamu ndio siupendi. Don anatumbukiza sigara kwenye glasi ya wiski, anaanza kupanga kitabu chake, na Helen yuko pembeni. Kaka aliuliza, "Na kesho yake je?" Swali la mnywaji huyo. Charles Jackson, aliyeandika riwaya ya mwaka 1944 iliyozaa filamu hii, alikuwa mnywaji mwenyewe, na kitabu chake hakimponyi Don.

Kaka amerudi kwenye pombe mara mbili tangu hapo. Safari ya tatu alikwenda hospitali mwenyewe, siku nilipomwambia mwenye grosari kuwa silipi tena hata shilingi. Sasa anakwenda kwenye kikundi cha walioacha, kila Jumamosi. Mwaka jana alinunua mashine ya kuchomelea kwa hela yake. Usiku inalala chumbani kwa mama, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo.

Itazame wewe kwanza, mkuu. Haifiki hata saa mbili.