Maswali ya Wasomaji: Wino wa Grafini Umeziba Printa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma fizikia mwaka wa tatu. Nimetengeneza wino wa grafini (kaboni ya tabaka jembamba la unene wa atomi moja), miligramu 2 kwa kila mililita ya maji, nikatia sabuni kidogo chembe zisishikamane, nikauchuja kwa kichujio cha mikromita 5. Kichwa cha printa kina vitundu vya mikromita 20, nikadhani nafasi ni tele. Kurasa mbili tu vikaziba. Mistari michache iliyotoka ni myeusi pembeni, katikati karibu hamna kitu. Nilitaka kuchapa elektrodi za betri. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hesabu yako ya vitundu ndiyo iliyokuponza. Ni kweli chembe ya mikromita 5 inapita kwenye tundu la 20, ikiwa peke yake. Lakini zinakuja maelfu, tena bapa kama magamba ya samaki. Mbili zikikutana mlangoni zinaegemeana, ya tatu inakwama juu yake, kwisha habari. Wanaofanya kazi hii hukadiria kwamba chembe isizidi sehemu moja ya hamsini ya upana wa tundu. Kwako ni mikromita 0.4. Urudishe wino kwenye mashine ya mawimbi ya sauti magamba yavunjike, uuzungushe kwa kasi kwenye sentrifuji ili magamba makubwa yatuame, kisha uupitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.45. Utasikitika ukiona grafini iliyobaki kwenye kichujio.

Na usiulaze wino ndani ya printa. Mimi niliwahi kuacha wino wa nanotyubu (mirija midogo mno) za kaboni kwenye kichwa Ijumaa jioni, nikisema nitaosha Jumatatu. Jumatatu nikakuta kama kimepigwa plasta. Nikakilowesha, nikakibembeleza, kikaishia pipani.

Sasa hiyo mistari. Dondosha tone moja la wino kwenye kioo, ulitazame kwa hadubini linapokauka. Ukingo umeng'ang'ania kioo, hausogei, na hapo pembeni ndipo maji yanapokauka haraka zaidi. Maji ya katikati hukimbilia huko kufidia, yamebeba grafini; utaziona chembe zikienda mbio kuelekea ukingoni, zikifika zinapanga foleni. Ni lile duara linaloachwa na tone la kahawa mezani, ambalo Robert Deegan na wenzake walilieleza mwaka 1997.

Dawa yake ni kutia kimiminika kiitwacho ethilini glaikoli kwenye wino. Hii huchemka kwenye nyuzi 197, kwa hiyo maji hutangulia kuondoka pembeni na glaikoli inabaki nyingi huko. Mvutano wake wa uso ni mdogo kuliko wa maji, basi uso wa tone huvutwa kurudi katikati, na chembe hurudi nao. Tena inaongeza mnato. Maji matupu ni mepesi mno, tone likirushwa hufuatwa na vitone vinavyochafua kingo. Sabuni nayo uitoe baada ya kuchapa, kwa kuosha, maana haipitishi umeme na imekaa katikati ya magamba.

Kuhusu betri, tupige hesabu. Tone la pikolita 10 (pikolita ni sehemu moja ya trilioni ya lita) la wino wako lina pikogramu 20 za grafini. Likitandaa duara lenye upana wa mikromita 50, kila sentimita ya mraba inapata takriban mikrogramu 1. Elektrodi ya betri ya kawaida hubeba miligramu 10 hivi kwenye eneo hilohilo. Maana yake upitishe printa mara 10,000. Mimi nisingethubutu.

Chapa superkapasita ndogo (kifaa kinachohifadhi umeme kama betri) badala yake: elektrodi mbili zilizoingiliana kama meno ya vitana viwili, zisigusane. Hapo chaji hukaa kwenye uso wa kaboni, na ayoni zinavuka mwanya mwembamba tu, kwa hiyo tabaka jembamba linafanya kazi vizuri. Printa inachora meno hayo bila kuhitaji kiolezo, ukikosea unabadilisha mchoro kwenye kompyuta.

Lakini kabla ya vitana, chapa mstari mmoja wa sentimita 2. Kila baada ya kupitisha mara tano, ukaushe kwenye sahani ya joto, upime ukinzani kwa mita. Ukiona haupungui hata baada ya mara ishirini, sabuni bado imo. Osha tena, kisha uniandikie umepata omu ngapi.